Akiba Penye Bei Zisizotulia: Elimu ya Fedha kwa Watoto wa Shule za Msingi wa Jebel, Juba

Elimu ya fedha kwa mtoto wa shule ya msingi humfundisha mambo manne: fedha inatoka wapi, inatumikaje, inawekwaje na inapoteaje. Mtoto aliyeielewa huhesabu noti na chenji bila kubabaika, hutofautisha kitu cha lazima na kitu cha kutamani, na huweza kungoja kabla ya kununua. Huandika alichopokea na alichotoa, na hujua maswali ya kuuliza kabla ya kukopa au kumkabidhi mtu mali yake. Hayo yote yanaweza kufundishwa chini ya mti, kwa ubao na chaki. Kinachohitajika ni somo linaloanzia kwenye fedha ileile anayoishika mtoto.

Hapo ndipo mafunzo mengi hukwama. Sehemu kubwa ya vitabu vya elimu ya fedha vya watoto imeandikwa kwa nchi ambazo hela ya leo, ikikaa mwaka mmoja, itanunua karibu kitu kilekile. Mtoto huelekezwa atie sarafu kwenye kibubu na kusubiri. Huko Jebel, upande wa magharibi wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mtoto akifuata maelekezo hayo kama yalivyo anaweza kuvunja kibubu chake na kukuta noti zisizotosha kununua kile alichokuwa akikitunzia. Wahenga walisema akiba haiozi. Huko Jebel akiba ya noti inaoza, na mtoto anastahili kufundishwa namna ya kuiweka isioze.

Mtoto ambaye tayari yuko sokoni

Jebel imekaa chini ya Jebel Kujur, mlima wa mawe unaoonekana kutoka sehemu nyingi za Juba, kando ya barabara iendayo Yei. Wakazi wake wametoka pembe zote za nchi. Vita vilipozuka Desemba 2013, maelfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo karibu na mlima huo, na mapigano ya Julai 2016 yalipita katika eneo hilohilo. Wapo pia waliorejea kutoka kambi za wakimbizi za Uganda na Kenya, pamoja na wafanyabiashara wa nchi hizo mbili waliofuata bidhaa zinazoingia kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012. Lugha kuu ya sokoni ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho husikika katika kupatana bei.

Katika mazingira hayo mtoto huanza kushika fedha mapema. Hutumwa dukani kununua sukari, sabuni na mkaa. Hukimbia na dumu lori la maji linapopita, akiwa na noti mkononi. Wengine huuza maji ya chupa, mayai ya kuchemsha, karanga au mifuko ya plastiki ili kusaidia nyumbani. Chini ya mlima wapo wanaokaa na mama zao wakiponda mawe kuwa kokoto za ujenzi, kazi inayoumiza macho, mikono na mapafu. Mtoto wa miaka 10 aliyekulia hapo amepatana bei mara nyingi kuliko mtoto wa makamo yake ambaye mzazi hulipa kila kitu kwa simu.

Kwa hiyo shule haina kazi ya kumjulisha mtoto wa Jebel fedha ni nini. Kazi yake ni kutia utaratibu katika mambo anayoyafanya kwa kuiga, na kumwonyesha hatari asizoziona. Iko pia kazi ya tatu, nayo ni nzito zaidi: kuhakikisha somo la fedha halimsukumi mtoto kuacha daftari na kwenda kuchuuza. UNICEF imekadiria kwamba watoto wapatao milioni 2.8 wa Sudan Kusini wako nje ya shule. Soko linamvuta mtoto kila asubuhi, na elimu ya fedha isiyo na uangalifu inaweza kuliongezea soko nguvu.

Pauni na historia yake fupi

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Tarehe 18 mwezi huohuo pauni yake ilianza kutolewa, ikibadilishwa moja kwa moja na pauni ya Sudan. Noti zilikuwa na picha ya John Garang, kiongozi wa vita vya ukombozi aliyefariki mwaka 2005. Mwanzoni pauni ilikuwa na thamani ya kutosha hata ikahitaji vipande vidogo: noti za piasta zilitolewa mwaka 2011, na mwaka 2015 zikaja sarafu za piasta 10, 20 na 50.

Desemba 2015 Benki Kuu iliacha kiwango kilichokuwa kimefungwa karibu na pauni 3 kwa dola moja ya Marekani, na mara moja dola ikapanda hadi zaidi ya pauni 18. Oktoba 2016 mfumuko wa bei ulifika asilimia 835.7 kwa mwaka. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba kitu kilichouzwa pauni 10 Oktoba 2015 kiliuzwa zaidi ya pauni 93 mwaka mmoja baadaye. Noti ya pauni 500 ilitolewa mwaka 2018, na ya pauni 1,000 mwaka 2021. Mwaka 2024 bomba linalopitisha mafuta ya nchi kupitia Sudan liliharibika katikati ya vita vya huko, na serikali inayotegemea mafuta kwa sehemu kubwa sana ya mapato yake ikakosa fedha za kigeni. Dola iliyokuwa karibu na pauni 1,100 mwanzoni mwa mwaka huo ilivuka 3,000 kabla mwaka haujaisha, na watumishi wa umma, walimu wakiwemo, walikaa miezi mingi bila mshahara.

Historia hiyo inaleta mambo mawili darasani. La kwanza ni la hesabu. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kuhesabu makumi, lakini noti anazotumwa nazo dukani ni za mamia na maelfu. Kwake hesabu ya shule na hesabu ya duka ni vitu viwili visivyokutana, na ndiyo sababu mtoto huweza kupatana bei vizuri sokoni halafu akashindwa swali rahisi ubaoni. Mwalimu anaweza kuziba pengo hilo mapema kwa kuhesabu noti zenyewe badala ya thamani yake. Noti 7 za pauni 100 huhesabiwa kama vitu 7 kwanza, kisha mtoto huambiwa kila kimoja kinaitwa mia. Hivyo mia saba humfikia kupitia noti anazozijua, muda mrefu kabla ratiba ya hesabu haijafika huko.

Jambo la pili ni la akiba. Fedha inayopungua thamani haitunzwi kwa muda mrefu kama noti. Watu wazima wa Juba wanalijua hilo: mwenye uwezo huweka dola au dhahabu, mwenye duka hugeuza mauzo ya leo kuwa bidhaa kabla ya jioni ya kesho, na familia za wafugaji huweka mali yao katika ng'ombe na mbuzi. Mtoto naye afundishwe kuchagua umbo la akiba, si kiasi tu.

Mitaala ya Afrika Mashariki inasema nini

Mtaala wa taifa wa Sudan Kusini uliozinduliwa mwaka 2015 haukuifanya elimu ya fedha kuwa somo la pekee la shule ya msingi. Hata hivyo nafasi yake ipo. Mtaala huo unataka stadi za maisha zipenyezwe katika masomo yote, na unasisitiza fikra tunduizi, mawasiliano na ushirikiano. Hesabu, sayansi ya jamii na lugha zinaweza kubeba somo la fedha bila kuongeza kipindi hata kimoja, jambo muhimu mahali ambapo mwalimu mmoja huwa na darasa lililojaa.

Kenya ilikwenda mbele kidogo. Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, mtoto wa madarasa ya chini hutambua sarafu na noti za shilingi, hutofautisha mahitaji na matakwa, na huzungumzia kutumia na kuweka akiba. Uganda ilizindua mkakati wa taifa wa elimu ya fedha mwaka 2013 chini ya Benki Kuu, shule zikiwa miongoni mwa njia zake kuu. Nje ya serikali kuna Aflatoun, mpango ulioasisiwa nchini India na Jeroo Billimoria na baadaye kuenea katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Aflatoun hufundisha mambo matano: mtoto kujitambua, haki na wajibu, kuweka akiba na kutumia, kupanga bajeti, na kuanzisha shughuli ndogo ya kijamii au ya kiuchumi. Mpangilio huo huanzia kwa mtoto mwenyewe, fedha ikifuata baadaye.

Wazo la akiba shuleni si geni duniani. Katika mji wa Ghent, Ubelgiji, mwanasheria François Laurent alianzisha akiba za wanafunzi mwaka 1866, na mfano wake ukaigwa Ulaya na Marekani. Lakini watoto wale waliweka akiba katika fedha iliyotulia. Mwalimu wa Jebel anaweza kuazima utaratibu wao, ila ushauri wao wa kusubiri hauwezi kumfaa.

Somo kwa kila umri

Katika darasa la kwanza na la pili kinachofaa ni kutambua na kubadilishana. Watoto hukata karatasi, huziandika 100, 500 na 1,000, na kufungua duka darasani kwa vifuniko vya chupa, mawe na majani. Mmoja huuza, mmoja hununua, wa tatu hukagua chenji. Nafasi ya mkaguzi ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu humzoesha mtoto kuhesabu kabla ya kuondoka, bila haya na bila kumshuku mtu. Hapo pia mtoto huanza kupanga vitu katika mafungu mawili: vya lazima na vya kutamani. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Soda ni kitu cha kutamani, lakini maji ya kunywa, ambayo kwingine hutoka bombani, kwa mtoto wa Jebel ni gharama ya kila siku ya nyumba.

Katika darasa la tatu na la nne mtoto hujifunza kungoja na kulinganisha. Hutumwa kuuliza bei ya kitu kimoja, kwa mfano kipande cha sabuni au kibaba cha mtama, katika vibanda vitatu, na kurudi na majibu yaliyoandikwa. Zoezi hilo likirudiwa kila Ijumaa kwa muhula mzima, ukutani patakuwa na jedwali la bei lililotengenezwa na watoto wenyewe. Kwa jedwali hilo watauona mfumuko wa bei kabla hawajausikia kwa jina, na watauliza wenyewe kwa nini bei hupanda barabara inapofungwa au dola inapoadimika. Hapo mwalimu wa sayansi ya jamii anapata mlango wa kueleza safari ya bidhaa kutoka Uganda, kazi ya mafuta katika mapato ya nchi, na sababu ya fedha ya jirani kutajwa katika bei ya unga.

Darasa la tano na la sita ni wakati wa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto wa miaka 11 au 12 anaweza kuweka daftari la safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mtoto asiye na fedha yake mwenyewe huandika za nyumbani alizotumwa nazo, au huandika maji: madumu yaliyonunuliwa, yaliyotumika, yaliyobaki. Uandishi huo ndio mwanzo wa bajeti. Akiyaandika maji kwa wiki mbili, huweza kusema wiki ya tatu familia itahitaji madumu mangapi na fedha kiasi gani, na mzazi akaona faida ya shule nyumbani kwake.

Katika darasa la saba na la nane huja deni, faida na usalama. Wanafunzi wengi wa Sudan Kusini huanza shule wakiwa wamechelewa, kwa hiyo katika madarasa hayo wapo vijana waliokaribia utu uzima, tena wengine wana simu. Wanahitaji kujua tofauti ya mauzo na faida: aliyeuza karanga za pauni 10,000 lakini akazinunua kwa 8,500 na kulipa 500 za mifuko amepata 1,000, na iwapo karanga zimepanda bei kesho, hata hiyo 1,000 huenda isitoshe kufidia tofauti na kurudisha mzigo uleule. Wanahitaji kujua kwamba deni la dukani huandikwa katika madaftari mawili, la mwenye duka na la mteja. Huduma za fedha kwa simu zimeingia Juba, zikianza na m-Gurush mwaka 2019, na vijana hao wafundishwe kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni.

Zoezi la madaftari

Namna ya kufundisha akiba penye mfumuko inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Zoezi lifuatalo, lenye bei za kubuni, linawafaa watoto wa darasa la tano na la sita. Mwezi Februari 2023 serikali ilitangaza kuondoa ada katika shule za umma za msingi na sekondari, lakini madaftari, kalamu na sare bado ni mzigo wa familia. Kwa hiyo mtoto ana sababu halisi ya kuweka akiba.

Chukulia kwamba daftari moja ni pauni 1,000 wiki ya kwanza, na bei hupanda pauni 100 kila wiki. Mtoto anaweza kuweka pauni 600 kwa wiki, kwa wiki 8. Mtoto wa kwanza anaficha noti zake hadi mwisho. Wiki ya 8 ana pauni 4,800, lakini daftari limefika 1,700. Anapata madaftari 2 na kubaki na 1,400, ambazo hazitoshi la tatu.

Mtoto wa pili ananunua kila akiba yake inapofikia bei. Wiki ya 2 ana 1,200 na daftari ni 1,100; ananunua, anabaki na 100. Wiki ya 4 ana 1,300, sawasawa na bei ya wiki hiyo. Ananunua la pili. Wiki ya 7 ana 1,800 na bei ni 1,600. Ananunua la tatu. Mwisho ana madaftari 3 na pauni 800. Alitoa kiasi kilekile cha akiba na kwa muda uleule, akapata daftari moja zaidi.

Kisha mwalimu aulize: itakuwaje watoto wawili wakichanga? Kwa pamoja wana pauni 1,200 kila wiki, kwa hiyo wananunua tangu wiki ya kwanza bei ikiwa bado chini. Darasa likifuatisha hesabu wiki kwa wiki litakuta kwamba kufikia wiki ya 8 wawili hao wana madaftari 7 na pauni 300. Kila mmoja akinunua peke yake wangekuwa na 6. Daftari la saba ni zawadi ya ushirikiano, na pia ni chanzo cha ugomvi, maana haligawanyiki. Hapo somo la hesabu linageuka kuwa somo la makubaliano: nani atalichukua, nani aliahidiwa nini, na kwa nini iliwapasa kuafikiana kabla ya kutoa pauni ya kwanza.

Zoezi lisiishie kwenye ushindi wa bidhaa. Daftari huloa mvua inapovuja, huibwa, na likishanunuliwa haliwezi kugeuka dawa siku mtoto anapougua. Mbuzi naye hula, huugua na hufa. Mtoto aelewe kwamba kila umbo la akiba lina hatari yake, na kwamba mwenye busara huacha fedha kidogo ya dharura, nyingine akaigeuza kitu kinachohitajika kweli.

Majaribio ya Busoga na Ghana

Uganda ina jaribio moja linalofaa kusomwa na kila anayepanga akiba za wanafunzi. Katika eneo la Busoga, mashariki mwa nchi, wachumi Dean Karlan na Leigh Linden walifuatilia shule za msingi 136 wakishirikiana na shirika la Private Education Development Network pamoja na taasisi ya fedha ya FINCA Uganda. Watoto wa madarasa ya juu waliweka akiba katika sanduku la shule lenye kufuli, na mwishoni mwa muhula fedha zilipelekwa benki. Mwanzoni mwa muhula uliofuata, shule za kundi moja ziliwarudishia watoto fedha taslimu. Shule za kundi la pili ziliwapa vocha ambazo zingenunua vifaa vya shule tu. Katika baadhi ya shule wazazi waliitwa kwenye kikao cha kuelezwa mpango.

Mtu angetarajia vocha zishinde, kwa kuwa zinazuia fedha kupotelea kwenye pipi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kinyume. Watoto waliojua watarudishiwa fedha taslimu waliweka akiba zaidi, na pale wazazi walipohusishwa walinunua vifaa vingi zaidi vya shule na alama zao za mitihani zikapanda. Vocha hazikuleta badiliko kama hilo. Kwa mwalimu wa Jebel mafunzo ni mawili. Mtoto huweka akiba akiamini ni yake, si ya mwalimu. Na mzazi asipojua, nusu ya mpango haipo.

Ghana nayo ilitoa onyo. Utafiti uliofanyika katika shule 135 ulilinganisha mpango wa Aflatoun na mpango uliofundisha fedha peke yake. Mipango yote miwili iliongeza akiba shuleni, lakini katika ule wa fedha peke yake palionekana dalili za watoto kufanya kazi zaidi za kutafuta kipato. Penye mawe ya kuponda na soko lililo karibu na lango la shule, onyo hilo si la kupuuzwa. Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Somo la fedha linapaswa kumwambia mtoto waziwazi kwamba wakati wa kusoma ni mali yake pia, na kwamba hakuna anayepimwa kwa wingi wa alichoweka. Mwalimu asisome majina ya walioweka zaidi mbele ya darasa. Sifa za aina hiyo humfukuza mtoto maskini kutoka darasani, au humpeleka mlimani kuponda mawe apate cha kuweka.

Sanduku, wazazi na fedha za wasichana

Wazazi wa Juba, hasa wanawake wa sokoni, wana utaratibu wao wa kuchangiana uitwao sanduk: kila mwanachama hutoa kiasi kilekile, na kwa zamu mmoja huchukua chote. Ni ndugu wa kile ambacho Kiswahili hukiita upatu au chama. Mtoto anayemwona mama yake katika sanduk ana mfano wa karibu wa uaminifu, zamu na adhabu ya kuchelewa. Ana mfano pia wa tatizo la mfumuko, maana anayepokea mwisho hupokea noti zilezile zenye uwezo mdogo kuliko za aliyetangulia. Vikundi hukabili tatizo hilo kwa zamu fupi, za siku au wiki. Darasa linaweza kucheza sanduk kwa penseli au vifuniko, likajadili nani apokee kwanza na kwa haki gani.

Shule ikiamua kuwa na sanduku halisi, ifuate desturi ya vikundi vya akiba vilivyoenea Afrika tangu shirika la CARE lilipoanzisha mfano wake nchini Niger mwaka 1991: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Kwa Jebel yaongezwe mambo mawili. Fedha nyingi zisilale shuleni, kwa kuwa wizi wa usiku upo na jengo lisilo na mlinzi huwavuta wezi. Na kiasi kinachopatikana kigeuzwe vifaa upesi, kila mtoto akikubali kwa jina lake katika daftari. Mtoto akitaka fedha zake arudishiwe siku hiyohiyo bila kuhojiwa.

Ipo fursa nyingine ambayo tayari imo ndani ya shule. Mpango wa Girls' Education South Sudan ulioanza mwaka 2013 kwa ufadhili wa Uingereza umewalipa wasichana fedha taslimu kuanzia darasa la tano na kuendelea, kwa sharti la kuandikishwa na kuhudhuria. Kwa wasichana wengi hiyo ndiyo fedha ya kwanza kuitwa yao. Wiki moja kabla ya malipo ni wakati mwafaka wa somo: msichana aorodheshe mahitaji yake ya muhula, aulize bei, apange atanunua nini siku hiyohiyo na atabakiza nini kwa dharura, kisha azungumze na mlezi wake kabla fedha hazijafika. Mpango huohuo ulitoa ruzuku kwa shule zenye kamati, mpango wa maendeleo na bajeti. Bajeti ya shule ikibandikwa ukutani, wanafunzi wa darasa la nane wanaweza kuisoma na kulinganisha chaki zilizopangwa na zilizonunuliwa. Watajifunza kwamba fedha ya umma nayo ina daftari, na kwamba mwananchi ana haki ya kulitazama.

Mwalimu na kipimo cha mafanikio

Mwalimu anayefundisha akiba akiwa hajalipwa miezi kadhaa yuko katika hali ngumu mbele ya watoto wanaoijua hali yake. Anachoweza kufanya ni kusema kweli. Umaskini wa familia nyingi za Jebel haukutokana na kutojua kupanga: vita, mishahara isiyofika na pauni inayoanguka haviondolewi na kibubu. Elimu ya fedha humpa mtoto uwezo juu ya kile kidogo kinachopita mikononi mwake, na macho ya kuona kisicho chini ya uwezo wake. Mtoto asiambiwe kwamba mama yake ni maskini kwa kuwa hakuweka akiba. Si kweli, na ni kumvunjia heshima mzazi.

Mafunzo ya mwalimu mwenyewe si lazima yawe marefu. Anahitaji kuweka daftari lake kwa mwezi mmoja, kukusanya bei za soko la Jebel kwa wiki chache, na kufanya zoezi la madaftari kwa mkono wake kabla ya kuliandika ubaoni. Walimu wawili au watatu wa shule jirani wakilinganisha majedwali yao ya bei watakuwa na kitabu cha mazoezi kinachokwenda na wakati, jambo ambalo hakuna mchapishaji anayeweza kulifanya pauni inapobadilika kila mwezi.

Mafanikio yapimwe kwa matendo, wala si kwa kiasi kilichomo sandukuni. Anayemaliza darasa la pili ahakikishe chenji kabla ya kuondoka dukani. Anayemaliza la nne alete bei tatu na aeleze kwa nini alichagua moja. Anayemaliza la sita aonyeshe daftari la mwezi mmoja lisilo na wiki iliyorukwa. Anayemaliza la nane aweze kukokotoa faida, kuandika deni kwa pande mbili, kutaja hatari ya noti, ya bidhaa na ya simu, na kueleza ni lini afadhali kununua leo kuliko kungoja. Mtihani wake ufanywe kwa bei za wiki hiyohiyo, zilizokusanywa sokoni na wanafunzi wenyewe.